Ngatu ya Shangazi Pelenaise

Kama hukuwepo ukumbini kwetu Jumamosi, pole sana, ila kaa nikusimulie, maana mimi tangu juzi nasimulia mpaka sauti imekauka na hamu haijaisha. Shangazi yangu Pelenaise kamnyang'anya waziri zawadi! Mbele za watu! Mchungaji yupo, imamu yupo, Masingasinga na vilemba vyao wapo, mpiga picha wa gazeti la mtaa yupo na kamera yake shingoni. Na waziri mwenyewe akasema asante.

Ngoja. Nakimbilia mwisho. Nianze vizuri.

Sisi ni Watonga, watu wa visiwani, tunaishi kusini ya Brisbane, na katika mitaa hii yote hakuna ukumbi mkubwa kushinda wa kanisa letu. Baba yangu, Siosaia, ni mzee wa kanisa. Ni mtu wa kumfokea refa kwenye televisheni mpaka majirani wanafunga madirisha, lakini dada yake akiingia tu, baba anatulia kama maji ya mtungi. Ndivyo tulivyo. Kwetu dada ni mkubwa kwa kaka hata kama kazaliwa nyuma yake. Hawataniani, hawakai chumba kimoja bila sababu, na mara nyingi wakiwa na neno la kuambiana linapitia kwangu. Na kwenye shughuli yoyote ya nyumba ya kaka yake, shangazi ndiye fahu. Fahu anakaa mbele, juu ya mikeka mizuri, na kitu chochote akikipenda anakichukua, na hakuna wa kufungua mdomo. Siku nilipotimiza miaka ishirini na moja shangazi alichukua keki. Si kipande, keki! Alitoka nayo mlangoni kaifunika kwa kitambaa cha meza, na sisi tukapiga makofi.

Shangazi ana mtoto mmoja, Feleti. Kwetu binamu ni kaka, kwa hiyo Feleti ni kaka yangu. Anaendesha mashine ya kupangia mizigo kwenye ghala, na kanisani anaimba besi, ile besi ya kutikisa benchi. Mwaka jana mwezi wa Januari Feleti aliugua. Si mafua. Aliacha kulala, akawa anasikia watu wanamsema ukutani, akawa anatembea uani usiku kucha akiwajibu. Na ilikuwa Jumamosi. Kliniki ya afya ya akili inafungwa Ijumaa jioni, inafunguliwa Jumatatu. Shangazi akapiga simu kila mahali, akaambiwa piga namba hii, piga ile, mpaka Jumapili asubuhi Feleti akakimbilia kanisani bila viatu, kwa kuwa huko ndiko alikoona pana usalama. Waliokuja kumchukua ni polisi. Walimwingiza kwenye gari lao pale kwenye maegesho, watu wote wametoka ibadani na nguo zao nyeupe, wanatazama.

Shangazi akasema Feleti amekwenda Auckland, ng'ambo ya bahari, kutafuta kazi.

Jamani! Sote tulimwona akiingizwa garini. Lakini shangazi kasema Auckland, basi ni Auckland. Wiki nzima kaka yangu amelazwa wodi ambayo ukisimama juu ya paa letu unaiona, na kanisani watu wanauliza, "Auckland hali ya hewa ikoje?" Shangazi anajibu, "Baridi." Halafu akahama kiti. Mwanamke aliyekaa benchi la mbele maisha yake yote akaenda kukaa la mwisho, karibu na mlango, na hapo ndipo alipobaki hata Feleti aliporudi na dawa zake na kazi yake na besi yake.

Wapo walionong'ona kwamba ni wafu wa kwetu wamemshika, kuna kaburi huko kisiwani halijafanyiwa usafi. Mchungaji Havea alivumilia minong'ono hiyo mpaka Jumapili moja akafunga Biblia, akavua miwani, akasema, "Tumemwombea kijana huyu. Mungu amesikia. Sasa Mungu anatuuliza sisi: mbona mlango wa kliniki ulikuwa umefungwa?" Akashuka mimbarini. Hayo ndiyo yaliyokuwa mahubiri yote. Watu walikuwa hawajamaliza hata kufungua peremende zao.

Kuanzia hapo ndipo mambo yalipoanza. Mchungaji akaenda msikiti wa Wabosnia, akakutana na Bi Amra, mwalimu mstaafu, mwanamke mfupi mwenye macho ya kukufanya ukumbuke kazi ya shule uliyosahau kuifanya. Bi Amra akawaita Masingasinga wa hekaluni kwao. Masingasinga wakawaita Wakatoliki wa Kivietinamu. Kila nyumba ya ibada ikakaa na watu wake, ikasikiliza, na mimi kwa kuwa nasomea ustawi wa jamii chuo kikuu nikawa mbeba chai na mwandishi. Weee, nilichosikia! Msikitini mama analia, ilikuwa Jumamosi. Hekaluni baba anasema, ilikuwa sikukuu, kila kitu kimefungwa. Kwa Wavietinamu, ilikuwa saa nne usiku. Ugonjwa wa akili hausomi saa za ofisi, lakini kliniki inasoma. Tukakubaliana tuombe kitu kimoja tu: kituo cha afya ya akili hapa hapa mtaani, chenye wauguzi, kinachofunguliwa usiku na wikendi, ili mtu akizidiwa apelekwe kwa muuguzi, siyo kwa polisi.

Na tukakubaliana tumwite waziri anayehusika, Bwana Colin Prewett, tumuulize mbele ya watu wote swali la ndiyo au hapana. Atakayeuliza ni Feleti.

Alijitolea mwenyewe! Alisimama tu kwenye kikao akasema, "Mimi ndiye niliyeingizwa kwenye lile gari. Nitauliza mimi." Shangazi alikuwa jikoni akisugua sufuria ambayo ilishakuwa safi. Aliendelea kuisugua tu.

Sasa fikiria mazoezi yetu. Mimi nilipangiwa kengele ya kumzuia mtu anayezidisha maneno, kwa hiyo ilibidi nimsikilize Feleti akijizoeza. Lakini yeye ni kaka yangu, na kaka na dada hawazungumzii mambo ya ndani namna hiyo, ni aibu hadi unatamani sakafu ikumeze. Tulifanyaje? Yeye alisimama jikoni kwao akiongea na friji. Mimi nilikaa kwenye korido, nimempa mgongo, kengele mapajani, nautazama ukuta. Akaieleza friji jinsi alivyoogopa. Akaieleza jinsi pingu zilivyokuwa za moto kwa jua. Mimi machozi yananitoka, natazama ukuta, na muda ukifika nagonga kengele, ting. Tulifanya hivyo jioni nyingi, na hatukutazamana hata mara moja, na sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu kaka yangu kwenye korido ile.

Bi Amra alitupa sharti moja. Alinishika mkono akasema, "Sulieti mwanangu, nawajua watu wenu. Nimekula harusini kwenu. Mtamlisha waziri, mtamvisha maua, mtamwimbia, mpaka asahau kilichomleta. Zawadi hakuna mpaka ajibu. Sawa?"

"Sawa, Bi Amra."

"Mwambie na baba yako."

"Nitamwambia."

"Mwambie mara mbili."

Nilimwambia mara tatu. Baba akasema, "Mimi ni mtoto? Zawadi baada ya jibu. Nimeelewa." Na kwa kweli alielewa. Hata nguruwe wa kuchoma, kwa heshima ya watu wa msikitini, alikubali asiingie ukumbini. Alimfunga vizuri akamweka nyuma ya kanisa, kwenye kivuli, asubiri kupakiwa kwenye gari la waziri.

Jumamosi ikafika. Joto! Mapanka yanazunguka na hayasaidii. Masingasinga walikuja na masufuria ya dengu makubwa kiasi cha kuogea mtoto, wakaanza kugawa mapema bila kuuliza nani wa dini gani. Ukumbi ukajaa, watu wakakaa hadi madirishani. Feleti alivaa shati jeupe na ta'ovala yake, ule mkeka wetu wa kiunoni wa siku za heshima, kaukaza mpaka nikadhani hatapumua. Midomo yake ilikuwa inacheza, anarudia maneno. Shangazi alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Waziri akaingia. Mtu mwembamba, mwenye tabasamu, suti ya kijivu, jasho linamtiririka, na nyuma yake msaidizi wake, msichana anayeitwa Bridie, simu mbili mkononi. Bridie akanifuata moja kwa moja. "Samahani, ratiba imebadilika. Waziri ana shughuli nyingine. Itabidi aongee kwanza halafu aondoke."

"Lakini swali ndilo la kwanza," nikasema.

"Ataligusia kwenye hotuba."

Nikageuka kumtafuta Bi Amra, yuko upande wa pili na bakuli la dengu. Kabla sijamfikia, waziri ameshashika maiki.

Aliongea vizuri, sitasema uongo. Alisema jamii zetu ni hazina. Alisema amesikia. Alisema moyo wake uko pamoja nasi, na kwamba mazungumzo haya yataendelea. Maneno matamu kabisa, ila ukitaka kuyashika hayana mpini. Kituo hakukitaja. Wikendi hakuitaja. Akamalizia kwa "mālō", asante ya kwetu, aliyofundishwa na Bridie kwenye gari, na wamama wakashangilia kwa furaha, wenzangu, sisi mtu akisema neno moja la lugha yetu tunamsamehe hata kodi.

Halafu akaanza kuelekea mlangoni.

Hapo ndipo baba yangu alipopatwa. Nilimwona. Mgeni, tena mgeni mkubwa, anatoka kwenye nyumba yetu mikono mitupu! Kwa Mtonga hilo ni kama kumwona mtoto anaelekea barabarani. Sharti la Bi Amra lote likamtoka kichwani. Akanyoosha mkono kwa wamama, na wamama nao, ambao walikuwa wameshaishika tayari kwa ajili ya baadaye, wakaileta ngatu.

Na si ngatu yoyote. Ngatu ni nguo ya gome la mti inayogongwa kwa nyundo za mbao mpaka inakuwa pana kama uwanja, halafu inachorwa kwa rangi nyeusi na kahawia. Hii ilikuwa ya bibi yangu, ya kufunikia watu wakubwa, ilikuwa imekaa chini ya godoro la shangazi tangu sijazaliwa. Shangazi ndiye aliyeitoa kwa ajili ya siku hii. Baba akaitangaza kwa sauti ya machozi, akamshukuru waziri kwa ujio wake, kwa wema wake, kwa maneno yake, akawashukuru wazazi wake waliomzaa, na kwetu shukrani zikishatolewa namna hiyo, mazungumzo yameisha. Huulizi tena. Ukimuuliza mgeni swali baada ya hapo umemtukana yeye na umejitukana mwenyewe. Kwaya ikaanza wimbo. Watu wakasimama. Vijana wawili wakainua ngatu iliyokunjwa wakamfuata waziri.

Bi Amra alinitazama kutoka ng'ambo ya ukumbi. Sitaki kukumbuka jicho lile.

Nikamtazama Feleti. Alikuwa amesimama pembeni ya maiki, mdomo umeacha kucheza. Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza katika jambo hili lote akaniongelesha uso kwa uso.

"Basi, Sulieti," akasema. "Acha tu. Si kitu."

Akakaa. Mwenzangu, alivyokaa! Kama mtu aliyewekewa gunia mabegani. Nikajua akikaa hivyo leo hatasimama tena, na Jumamosi nyingine ikija yenye ugonjwa, mlango utakuwa ule ule, umefungwa, na gari litakuwa lile lile.

Na shangazi alikuwa ameona alivyokaa.

Alinyanyuka kutoka benchi la mwisho. Shangazi Pelenaise ni mwanamke mkubwa, akitembea ta'ovala yake inachakarika kama mtu anafagia. Alishika njia ya katikati, taratibu, akapishana na waziri bila hata kumwangalia, akawafikia vijana wenye ngatu. Akaweka kiganja juu yake.

"Iteremsheni."

Vijana wakamtazama baba. Baba akatazama sakafu. Wakaiteremsha.

Shangazi akakaa juu yake. Akakaa kabisa! Katikati ya ukumbi, amekunja miguu, ameipanga sketi yake, kama yuko harusini kwetu na keki inakuja.

Wimbo ukafa sauti moja moja. Soprano ndio wa mwisho, wao daima hawaoni kinachoendelea. Kisha Watonga wote wakaelewa kwa pamoja, na ukumbini ukatokea mguno, hooo, kisha kicheko, kisha makofi. Fahu kachukua! Zawadi imetoka kwa kaka yake, na dada kaichukua, kwisha, hakuna mahakama ya kumkatia rufaa. Wabosnia wakawa wanaulizana. Bridie akaja mbio. "Kuna tatizo? Mama anaumwa?"

"Haumwi," nikasema. Nilikuwa nimeshanyakua maiki, sijui miguu yangu ilinifikishaje. "Bwana Waziri, tunaomba urudi kidogo. Huyu ni shangazi yangu. Kwa mila zetu, akichukua, imechukuliwa."

Waziri akasimama pale, tabasamu limeganda. Shangazi akaanza kusema kwa Kitonga, bila kuinua sauti, na mimi nikawa natafsiri.

"Mwambie ngatu hii tuliigonga mimi na mama yangu, mikono ikavimba. Mwambie ni yake, nampa kwa moyo. Ila sijampa bado."

Nikamwambia.

"Mwambie nina mtoto."

Nikamwambia.

Halafu akageukia watu wa kanisa letu, siyo waziri, akasema, "Mwanangu hakwenda Auckland."

Hata mapanka nilidhani yamesimama. Kisha Mama Losaline wa kwaya, ambaye hajawahi kukaa kimya hata kwenye sala ya kimya, akapaza sauti, "Tulijua, dada!"

"Mlijua?" Shangazi akageuza shingo nzima. "Mlijua, na hamkuleta hata kipande cha jimbi?"

"Tungeleta vipi? Mtu yuko Auckland! Tungetuma kwa ndege?"

Ukumbi ukapasuka. Watu walicheka huku wanajifuta macho, na shangazi naye akacheka, mabega yote yanacheka, na uongo wa mwaka mzima ukatoka mlangoni peke yake bila kusindikizwa. Wasioelewa Kitonga nao wakacheka, sijui walichekea nini.

"Mwanangu aliugua," shangazi akasema kicheko kilipotulia. "Hakulaaniwa. Aliugua, kama mtu anavyougua figo. Na nilipobisha hodi hapakuwa na mtu. Sasa ana swali. Feleti, simama, mwulize mgeni."

Akasimama! Lile gunia likadondoka. Akaja kwenye maiki, nami nikampa, na kwa mazoea nikamgeuzia mgongo, nikautazama ukuta. Nasikia watu wanacheka tena, nasikia na yeye anacheka puani. Halafu akaanza. Yale yale aliyoiambia friji. Usiku wa uani. Sauti za ukutani. Miguu mitupu kwenye lami, na kwamba alikimbilia kanisani kwa sababu alikuwa na akili bado ya kujua anahitaji msaada. "Polisi hawakuwa wabaya," akasema. "Mmoja aliniletea maji. Lakini yeye mwenyewe aliniambia, kaka, mimi si daktari. Bwana Waziri, alisema kweli. Nilihitaji muuguzi. Swali langu ni moja. Utatufungulia kituo hapa mtaani, cha usiku na wikendi? Ndiyo au hapana?"

Waziri akasogeza maiki. "Hilo ni swali zuri sana, Feleti, na nashukuru kwa ujasiri..."

Ting.

Ndiyo, nilikuwa bado nimetazama ukuta, lakini kengele ninayo!

Akakohoa. "Kuna mapendekezo kadhaa ambayo wizara..."

Ting.

Sasa watu mia sita wanacheka, na Bi Amra ameshafika mbele, amesimama karibu na waziri kama anasimamia mtihani. Shangazi hakucheka. Alijisogeza kidogo tu juu ya ngatu, akaikalia vizuri zaidi, kama mtu mwenye jioni nzima.

Na hapa lazima nimpe waziri haki yake. Alimtazama shangazi pale chini. Akamtazama na Feleti. Halafu akafanya jambo ambalo hakufundishwa na Bridie wala mtu yeyote: akavuta suruali magotini, akakaa sakafuni, suti na yote, ili asimsimamie mama aliyekaa. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Ah, huyu alilelewa." Ukumbi wote ukaona.

"Ndiyo," waziri akasema.

"Ndiyo nini?" Bi Amra akauliza.

"Ndiyo, nitafungua kituo. Hapa. Usiku na wikendi. Kabla ya Krismasi."

"Krismasi hii?"

"Krismasi hii."

Sijui nikueleze vipi kelele iliyotoka. Masingasinga walipiga ukelele wao, Wabosnia wakakumbatiana, sista wa Kivietinamu aliruka, namaanisha aliruka juu kabisa. Mama Losaline akaanzisha wimbo upya kwa sauti ya juu mno na kwaya nzima ikamfuata ikiteseka, na besi ya Feleti ikaingia kwa chini na benchi zikatikisika. Mchungaji Havea alikuwa ameegemea mlango, kavua miwani, anaifuta, anaivaa, anaivua tena.

Waziri akanyanyuka na kutazama ngatu, unajua, kwa adabu, kama mtu anayetazama sahani ya mwisho mezani.

"Mwambie," shangazi akasema, "siku mlango ukifunguka, anipigie simu. Nitamletea mwenyewe."

Nikatafsiri. Waziri akacheka, akainamisha kichwa, akasema, "Asante, mama. Ni haki yako." Akatoka. Nguruwe tu ndiye aliyekwenda naye. Baba alikimbia nyuma ya kanisa kabla gari halijaondoka, maana ukomo wa uvumilivu wake ulikuwa umefika, na nasikia Bridie alisafiri akiwa amempakata.

Baadaye tuliosha vyombo. Baba alikuwa kwenye sinki, mgongo umeelekea mlango. Shangazi kasimama mlangoni. Mimi katikati na taulo.

"Sulieti," baba akasema akiwa ameitazama sufuria, "mwambie shangazi yako nilisahau sharti. Niliona mgeni anaondoka mikono mitupu, nikaona nyumba inaaibika."

Shangazi yuko hatua chache tu, anasikia kila neno. Nikamwambia hata hivyo.

"Mwambie baba yako nyumba haikuaibika."

Nikamwambia. Baba akasugua sufuria kwa nguvu mno.

"Mwambie ngatu nitaibeba mimi mpaka kwake."

"Mwambie asiishike upande mmoja, itavunjika mikunjo."

Akaibeba begani mwenyewe, peke yake, pande zote mbili kaziangalia kama mayai, na mimi nikamfungulia mlango.

Jana Jumapili, shangazi alikaa benchi la mbele. Walisogea tu wakampisha, kama vile alikuwa ametoka kwenda kunywa maji. Na baada ya ibada ndipo vituko vilipoanza: watu wakaanza kuleta chakula. Chakula cha mgonjwa! Cha mwaka jana! Majimbi, nyama kwenye majani na tui la nazi, kuku, keki ya ndizi, Bi Amra na trei ya mikate ya nyama ya kusokota, Masingasinga na dengu tena. Meza ikajaa, friji ikagoma kufungika, ile ile friji iliyosikia hotuba yote. Kila anayeingia anamshika Feleti mkono, "Pole kwa kuugua," na Feleti, mzima wa afya, mdomo umejaa kuku, anajibu, "Nimeshapoa, asante."

Mama Losaline alipotokea mlangoni na sufuria ya tatu, Feleti akamnong'oneza mama yake, "Mama, waambie nimerudi Auckland."

Shangazi akampiga kofi la bega. "Hukuwahi kwenda. Kula."

Asubuhi hii nimepita kwake kabla ya chuo. Ngatu imerudi chini ya godoro, lakini baba aliiweka juu juu kwa kuogopa kuibana, kwa hiyo upande mmoja wa kitanda umeinuka. Nikamwambia, "Shangazi, nikusaidie kuisukuma ndani? Utaumwa mgongo."

"Iache hapo hapo," akasema, akakaa pale penye mwinuko, akajaribu kuudunda kidogo. "Nataka niisikie kila usiku mpaka Krismasi."